Sifuri ya Remi

Fort Kent, Maine
3 Desemba

Kwa Shangazi Odile,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi, kijana mtanashati kuliko wote wa bonde hili, wa ng'ambo ya mto nao nikiwajumlisha. Huku hatujambo. Bibi mguu unamsumbua, lakini mdomo hausumbuliwi na chochote. Anauliza kama kule Cambridge unakula au unaishi kwa kahawa, na anasema mwanamke wa umri wako asiyejua kupika ploye, chapati zetu za huku, asijiite binti yake. Baba yuko msituni na lori lake la magogo. Mimi bado niko kwenye gereji ya Gilles, natengeneza pikipiki za theluji, na bila mimi gereji ile ingeshafungwa zamani.

Sasa tuje kwenye jambo letu. Nakutaarifu kwamba nambari iko salama. Toka siku ile ya Sikukuu ya Shukrani, ulipofungua kompyuta yako katikati ya mifupa ya bata mzinga, ukageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, ukaniambia, "Remi, chapa nambari yoyote, kuanzia hasi mia mpaka chanya mia, halafu ufe nayo," sijaitaja hata ndotoni. Sijaiandika popote. Bibi alijaribu kunihonga kwa pai. Nimekula pai, sijasema.

Na hilo sharti lako la kutopigiana simu mpaka kazi iishe, eti utaisoma nambari kwenye sauti yangu, limenichekesha. Shangazi, sauti yangu mimi ni ukuta. Lakini umesema barua, basi barua. Usilalamikie mwandiko.

Ila Gilles kaniuliza, "Huyo shangazi yako mwenye digrii zote hizo, kwa nini kazi yake amwachie mtu aliyeacha shule hajamaliza?" Nikamwambia Shangazi anapima umbali wa galaksi kwa kuzipiga eksirei, kama daktari anavyopiga mfupa, na mimi ndiye niliyeweka nambari inayofanya hesabu itoke sawa. Gereji nzima ikanivulia kofia. Nimekosea? Kama nimekosea, usinirekebishe kwa kelele.

Wako mtiifu (usicheke),
Remi Cyr, Mtunza Siri Mkuu


Cambridge, Massachusetts
19 Desemba

Remi mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa na alama za vidole vya grisi, kwa hiyo sikuwa na shaka imetoka kwa nani. Mimi mzima. Mwambie mama nakula. Mwambie pia kwamba ploye najua kuzipika, ni jiko la hapa tu lisilojua.

Umekosea, na nakurekebisha kwa kelele. Hatuzipigi galaksi eksirei. Zenyewe ndizo zinazozitoa. Katikati ya galaksi hizi kuna shimo jeusi linalokula gesi kwa pupa, na gesi ile, kabla ya kumezwa, inapata moto mpaka inatoa mianga ya namna mbili ambayo macho yetu hayaioni: mmoja ni urujuanimno, mwingine ni eksirei. Wewe unajua injini, basi nikueleze kwa injini. Fikiri umesimama kwenye ziwa lililoganda na unasikia pikipiki usiyoiona. Kuna mngurumo, na kuna mlio mwembamba. Tuseme kila injini inavyokuwa kubwa, mngurumo unazidi sana na mlio unazidi kidogo. Basi ukilinganisha sauti hizo mbili, unajua ukubwa wa injini hata kama huioni. Na ukishajua ukubwa wake, ule unyonge wa sauti inayokufikia unakuambia iko mbali kiasi gani. Mngurumo ni urujuanimno, mlio ni eksirei. Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Na nambari yako haifanyi hesabu itoke sawa. Inafanya itoke vibaya, makusudi. Miaka kumi iliyopita nilitangaza kwamba galaksi za mbali kabisa ziko mbali zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Ukizichora, mstari unapinda kwenda juu mwishoni. Kama ni kweli, basi ulimwengu unatanuka kwa namna tusiyoijua. Jina langu lote limesimama juu ya mpindo ule. Sasa nina galaksi nyingi kuliko zile za mwanzo, na kila mtu anajua jibu ninalolitaka. Mtu anayelitaka jibu hulipata, Remi. Si kwa wizi. Anayakagua sana yale yanayompinga, na yale yanayomfaa anayaacha yapite. Ndiyo maana wenye kazi hii tuna desturi ya kujifunga macho. Nambari yako inaupinda mstari kwa siri, juu au chini, na hakuna anayejua kiasi. Tunafanya kazi yote hivyo, tunaamua kila kitu, kisha tunaiondoa nambari na kuuona ukweli.

Sasa nikuchekeshe. Tunachokiona kwenye kompyuta hivi sasa ni mstari ulionyooka kama rula. Hakuna mpindo hata chembe! Umeweka hasi kubwa, we mtundu, umeukandamiza mpindo wangu wote. Usilijibu hilo.

Krismasi njema kwenu nyote.

Shangazi yako,
Odile


Fort Kent
30 Januari

Shangazi,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa, pikipiki zote za huku zimekubaliana kufa mwezi mmoja. Bibi mzima. Baba mzima. Mimi mzima.

Nina swali, si la nambari. Ikiwa ule mpindo haupo, nasema ikiwa tu, wanakufanyaje? Wanakufukuza? Wanakunyang'anya digrii? Nauliza kwa sababu sijui mambo ya chuo yanavyokwenda.

Remi


Cambridge
12 Februari

Mwanangu,

Barua yako imenitia wasiwasi. Imefika bila jigambo hata moja. Unaumwa? Umepata msichana? Umemkosa? Niambie.

Swali lako nalijibu. Hawakunyang'anyi kitu. Wanaacha tu kukutaja, au wanakutaja kwenye sentensi inayoanza na "hapo zamani ilidhaniwa". Lakini nina wanafunzi waliojengea tasnifu zao juu ya mpindo ule, na sasa wanafundisha wengine. Hilo ndilo linaloniuma nikilifikiria, kwa hiyo silifikirii.

Huku tumekwama. Baadhi ya galaksi zimefunikwa na wingu la gesi linalozuia eksirei. Ni kama mtu ameufunga ule mlio kwa blanketi: unasikia mngurumo peke yake, unadhani injini ni kubwa mno, kisha unadhani iko mbali mno. Zile ambazo wingu lake ni dhahiri tumezitoa. Limebaki kundi ambalo hatuna hakika nalo, na ambalo kwenye ule mstari wa Desemba halikuwamo. Zikibaki, mstari unapanda. Zikitoka, unakuwa rula. Dakta Pell anasema zitoke. Huyu Pell ndiye aliyenibishia miaka yote kumi, na nilimwita mwenyewe aingie kwenye timu, maana nataka mbishi wangu awe chumba kimoja na mimi, nimwone. Lazima tuamue kabla ya kufungua nambari yako. Tukishafungua, hakuna kurudi nyuma.

Mbusu mama. Vaa kofia.

Odile


Fort Kent
26 Februari

Shangazi Odile,

Salamu nyingi, za kutosha wewe na wanafunzi wako, na kidogo zibaki kwa Pell, ingawa hastahili. Sina msichana, nina foleni yao, ila wote wamechelewa njiani. Bibi amegombana na padri kuhusu muda wa mahubiri na ameshinda.

Sasa sikiliza. Alhamisi Gilles kaniita kwa sauti ya kuvunja vioo: "Remi! Kuna mzee kwenye simu, anasema ni wa mambo ya nyota. Umemwibia nini?"

Nikachukua simu. Akasema, "Kijana, mimi ni Dakta Pell, nafanya kazi na shangazi yako. Sitaki uniambie nambari."

"Vizuri, mzee, maana sikuambii."

"Nataka tu kujua kama ni kubwa au ndogo."

"Hiyo ni nambari ileile, umeivisha koti."

Akacheka. "Basi tufanye hivi. Ukikohoa, nitaelewa ni chanya. Usipokohoa, ni hasi. Wewe hutakuwa umesema kitu."

"Mzee, nina mafua toka Krismasi. Ukinisikiliza mimi utaelewa chanya mpaka Pasaka."

"Shangazi yako alisema wewe ni mropokaji."

"Kweli kabisa. Niulize lolote lingine. Niulize Gilles anamdanganyaje mkewe kuhusu bia."

Hapo spana ikapita karibu na sikio langu. Pell akasema, "Vizuri. Nilitaka kuona kama mlango umefungwa," akakata simu. Hivi Shangazi, alikuwa ananijaribu, au alikuwa anataka kweli?

Kuhusu hizo galaksi zenye blanketi, sina la kusema. Mimi kukosa la kusema ni habari ya kuandikwa gazetini, lakini ndivyo ilivyo.

Remi Cyr


Cambridge
15 Machi

Remi,

Hamjambo nyumbani? Mimi sijambo, nimechoka tu. Pell nimemkaripia mbele ya watu. Anasema alikuwa anakujaribu. Ninavyomjua, alikuwa anakujaribu na alikuwa anataka.

Na sasa ni mimi ninayekuja kubisha hodi kwenye mlango uleule, kwa aibu. Zile galaksi nimezichunguza mpaka macho yanawasha. Ushahidi wa wingu upo, mdogo. Zingekuwa za mtu mwingine na mimi ndiye mkaguzi, ningesema zitoke na nisingefikiri mara mbili. Lakini nikizitoa, halafu nambari yako ikawa si hasi kubwa kama ninavyoamini, nitakuwa nimeizika kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe, pamoja na ya wale vijana.

Sitaki nambari. Andika tu, "Shangazi, lala usingizi." Au usiandike. Nitaelewa.

Sharti hili nililitunga mimi, na ni mimi ninayelivunja. Usimwambie mama.

Odile


Fort Kent
2 Aprili

Shangazi Odile, shikamoo.

Leo nakuamkia kwa heshima zote, kwa sababu ninayotaka kuyasema hayana heshima.

Hapana.

Na hapana hiyo si jibu la ulichouliza, ni jibu la wewe kuuliza. Kabla ya hii niliandika barua nyingine nikazitia kwenye jiko la kuni, moja baada ya nyingine, mpaka Bibi akaniuliza kama leo tunakula majivu. Nikikuambia ulale, umejua. Nikikuambia usilale, umejua. Nikinyamaza, utakipima kimya changu kwa darubini. Kwa hiyo soma hapa vizuri: barua hii haina kitu ndani. Ningeiandika hivihivi kama ningekuwa nimechapa hasi tisini, na hivihivi kama ningekuwa nimechapa chanya tisini.

Wewe ndiye uliyeniambia kwamba mtu anayelitaka jibu hulipata. Sasa unataka kulipatia kwangu. Umeandika kwa mkono wako kwamba zingekuwa za mtu mwingine ungezitoa. Basi amua hivyohivyo, kama vile mimi sikuzaliwa. Na kama ni kunichukia, subiri mfungue kwanza, unichukie ukiwa na sababu kamili.

Barafu ya mtoni imeanza kupasuka. Inalia kutwa. Bibi anakusalimu, sijamwambia kitu.

Remi


Cambridge
9 Mei

Remi,

Tumefungua.

Zile galaksi tulikuwa tumeshazitoa wiki iliyotangulia. Mimi ndiye niliyependekeza, na Pell hakuwa na la kubisha, jambo lililowashangaza watu wote. Tulikutana kwenye chumba cha mikutano, wanafunzi wameleta donati kana kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Pell akabonyeza kitufe cha kuiondoa nambari. Mstari ukafutika ukutani, ukachorwa upya, na ukawa uleule. Mtu akasema, "Haijafanya kazi." Pell akabonyeza tena. Uleule. Mwanafunzi wangu mmoja akasema, "Programu imekwama, tuizime tuiwashe." Ndipo Pell akafungua pale nambari ilipofichwa, akasoma, akavua miwani, akaniangalia.

"Odile," akasema, "ni sifuri."

Hakuna aliyekula donati. Toka Novemba tulikuwa tunautazama ukweli usoni tukidhani umevaa barakoa. Hakuna mpindo, Remi. Haukuwahi kuwapo. Kile nilichokiona miaka kumi iliyopita yalikuwa mawingu. Pell hakushangilia. Laiti angeshangilia, ningepata wa kumkasirikia.

Nimezirudia barua zako zote. Ile ya Januari isiyo na majigambo. Nilipokuandikia kwamba umeukandamiza mpindo wangu, wewe ulijua kwamba hujakandamiza kitu. Uliijua habari ya kazi yangu kabla yangu, miezi yote hiyo, huku unafungua boliti. Kwa nini sifuri? Na nilipokuomba, kwa nini uliniacha niingie humo peke yangu?

Odile


Fort Kent
20 Mei

Shangazi Odile,

Salamu kwanza, maana adabu ninayo hata nikigombezwa. Bibi mzima. Baba amerudi kutoka msituni, ananuka misonobari.

Sifuri ilikuwa utundu. Nilikuona umegeukia ukuta, nikawafikiria wasomi wazima, na digrii zao, wakihangaika mwaka mzima kufungua kitu ambacho hakijafungwa. Nikaona mzaha kama huo sitaupata tena maishani. Nilipanga kujisifia nao mpaka meno yaishe. Kisha ikaja barua yako ya Desemba. Nilikuwa ninaisoma kwa sauti mezani, Bibi anasikiliza. Nikafika pale ulipoandika "umeweka hasi kubwa, we mtundu," nikaishusha barua. Bibi akasema, "Endelea." Nikamwambia mwandiko hausomeki. Akasema, "Odile? Aliyekuwa akipewa zawadi ya mwandiko?" Nikatoka nje nikajifanya nakata kuni.

Unauliza kwa nini nilikuacha. Nilitaka kukuambia, Shangazi, hasa mwezi wa tatu. Lakini ningekuambia, ungezibakiza zile galaksi. Usinibishie, ungezibakiza, na ungepata sababu nzuri zenye maneno marefu. Mstari ungepanda, watu wangekupigia makofi, na wewe mpaka unazeeka usingejua kama kilichoupandisha ni galaksi au ni Remi. Sasa hivi una kitu. Hukipendi, lakini ni chako, na hata Pell hawezi kusema umekipinda.

Kama unanichukia, andika wazi, nimekaa tayari. Bibi anasema uje ule kwanza.

Remi


Cambridge
14 Juni

Remi mwanangu,

Nilikukasirikia wiki nzima, kisha nikaishiwa. Sasa nimekuwa na kazi nyingi ya kufanya.

Makala tumeimaliza. Sentensi ya kwanza inasema kwamba matokeo yetu ya zamani yalikuwa makosa, na inasema yalikuwa ya nani. Pell alitaka tuiweke katikati, pasipoonekana sana. Nilikataa. Wanafunzi wangu wa zamani niliwapigia simu mmojammoja kabla hawajaisoma kwa wengine. Mmoja alilia. Mwingine alisema alishaanza kushuku na aliogopa kuniambia, na hilo limenichoma kuliko machozi ya mwenzake. Kulikuwa na waliosema kwamba nambari ikiwa sifuri basi hatukuwa tumefungwa macho. Pell mwenyewe ndiye aliyeandika aya ya kuwajibu: hakuna aliyejua, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Na kuna hili. Mawingu yakiwa yameondoka, mstari wetu umekuwa mwembamba kuliko wowote niliowahi kuuchora. Galaksi ambazo nuru yake ilianza safari kabla ya dunia hii kuwapo, sasa tunajua ziko mbali kiasi gani kwa uhakika ambao miaka kumi iliyopita ningeuota tu. Nilikuwa nimezoea kuutazama mpindo hata nikasahau kwamba kazi yangu ni kupima.

Vuli tunaanza na galaksi mpya, na tunahitaji mtu wa kuchapa nambari. Timu nzima imekutaja wewe, Pell wa kwanza. Nije na kompyuta?

Shangazi yako,
Odile


Fort Kent
27 Juni

Shangazi yangu Odile,

Salamu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii, na kutoka kwa Gilles, ambaye siku hizi ananiita Dakta Sifuri mbele ya wateja. Nimelikubali jina, linanikaa vizuri. Bibi amesomewa barua yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ameandika jina lake kwenye kosa lake? Huyo ni wangu," akaenda kuwasha jiko ingawa ni kiangazi.

Waambie wenzako asante, na mwambie Pell mafua yamepona. Njoo, tena njoo upesi. Ila kompyuta iache huko. Nambari sichapi tena. Nafanya kazi yoyote, nazamisha mkono kwenye oili ya mwaka juzi, nambebea Bibi vifurushi kanisani kwenye theluji, lakini ile siiwezi. Nilikuwa nafunga boliti na kukuona akilini wewe unautazama ule mstari unacheka.

Safari hii mtafuteni mtu asiyekupenda. Kwa unavyonisimulia mambo ya huko chuoni, hawakosekani.

Remi